Sensa ya Akseleta Inapolaumiwa: Pedeli, Waya au Kompyuta?

Mwenye gari la petroli lililogoma kuchanganya na kuwasha taa ya injini anaweza kuzunguka gereji tatu na kutoka na majibu matatu. Fundi wa kwanza huchomeka mashine ya kupimia, huona namba P2138, na kuagiza pedeli nyingine kwa kuwa "sensa imekufa". Wa pili husema throto bodi imejaa masizi: isafishwe, kisha betri ichomolewe kwa robo saa. Wa tatu huitaja kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kila mmoja anaweza kutaja magari aliyoyaponya kwa dawa yake, wala hadanganyi. Ndiyo maana mwenye gari hubaki njia panda, na pedeli nzima hutolewa na kuwekwa kando huku ubovu ukiendelea kukaa ndani ya gari.

Mkanganyiko huu unauma mara mbili. Kwanza unakula fedha. Pili, na hili ni kubwa zaidi, gari linalokata nguvu ghafla wakati linapita lori kwenye barabara ya njia mbili linamweka dereva na abiria wake mahali pabaya sana. Jambo hili linastahili kupangwa upya tangu mwanzo.

Tangu kebo ilipoondoka

Kwa miongo mingi pedeli ya mafuta ilikuwa kazi ya kebo. Dereva alikanyaga, uzi wa chuma ukavuta kilango cha hewa kwenye injini, basi. Kebo ikichakaa ilionekana, ikikatika ilijulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 BMW iliiondoa kebo hiyo kwenye 750iL, na katika miaka ya 2000 Toyota, Nissan na watengenezaji wengine waliieneza throto ya umeme hadi kwenye magari ya kawaida ya familia. Pedeli ya namna hii haivuti kitu. Inapeleka ombi kwa kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoiamuru mota ya throto ifungue kilango kwa kiasi gani. Katika dizeli za kisasa, kama Hilux za D-4D, ombi hilohilo hugeuzwa kuwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa na nozeli.

Kipo kizazi cha katikati kinachopotosha. Baadhi ya Toyota za mwanzo za throto ya umeme bado zina kebo inayotoka kwenye pedeli, lakini inaishia kwenye sensa iliyofungwa ubavuni mwa throto bodi. Fundi akiiona kebo anaweza kuamua kwamba gari halina sensa ya akseleta, na kuanzia hapo akatafuta pasipo na kitu.

Sensa yenyewe hutoa taarifa mbili kwa wakati mmoja, kupitia waya mbili tofauti. Katika Toyota nyingi taarifa hizo huitwa VPA na VPA2. Pedeli ikiwa imeachiwa, VPA husoma karibu volti 0.8 na VPA2 karibu volti 1.6. Ikikanyagwa, zote mbili hupanda pamoja, na pengo la takriban volti 0.8 kati yao halibadiliki. Volkswagen na General Motors walichagua mpango mwingine: taarifa moja ni nusu ya nyenzake kuanzia juu hadi chini. Kwa vyovyote vile, shabaha ni moja. Kama hakimu mwenye mashahidi wawili, kompyuta hulinganisha maelezo, na yakipishana inakataa kuyaamini.

Ikimpoteza shahidi mmoja, kompyuta ya Toyota huendelea kumsikiliza aliyebaki, lakini kwa tahadhari. Gari hutembea likiwa zito. Ikiwapoteza wote wawili, huchukulia kwamba dereva ameachia pedeli, na injini hubaki kwenye sailensa. Kwa hiyo ule uzito anaoulalamikia dereva ni kinga iliyokusudiwa. Mhandisi aliona ni heri gari likatae kwenda kuliko liende lenyewe.

Namba ya hitilafu inasema nini

Familia ya namba zinazohusu pedeli ni ndogo. P2122 maana yake umeme wa taarifa ya kwanza uko chini kupita kiasi. P2123, uko juu kupita kiasi. P2127 na P2128 husema hayohayo kuhusu taarifa ya pili. P2138 husema taarifa mbili hazipatani. Mbali na hizo ipo P2135, ambayo huchanganywa sana na P2138 ingawa inahusu sensa za throto bodi, upande wa pili kabisa wa mfumo. Tofauti ya tarakimu moja imewafanya watu wanunue pedeli wakati tatizo liko kwenye injini.

Kinachosahaulika ni kwamba namba hizi huutaja mzunguko mzima: sensa, soketi, waya, umeme wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta, waya wa ethi, na kompyuta yenyewe. Kompyuta inaona volti zinazoifikia tu. Waya wa taarifa ukikatika katikati ya safari, itasoma karibu sifuri na kuandika P2122, sawasawa na ambavyo ingeandika kama sensa ingekufa.

Hata hivyo namba zikisomwa kwa makini zinaeleza mengi. Katika Toyota nyingi P2138 huandikwa pale VPA na VPA2 zinapokaribiana hadi tofauti ya volti 0.02 au chini ya hapo. Volti 0.8 za pengo haziyeyuki hivi hivi. Kwa kawaida waya mbili zimegusana mahali fulani, ndani ya sensa au nje yake. Namba hiyohiyo pia huandikwa zote mbili zinapoanguka chini kwa pamoja. Na P2122 ikija pamoja na P2127, swali la kwanza liwe hili: ni kitu gani kinachozigusa taarifa zote mbili? Sensa mbili kufa dakika moja ni bahati mbaya isiyo ya kawaida. Soketi iliyolegea, au umeme wa volti 5 uliopotea, vinaeleza jambo hilo kwa urahisi zaidi.

Hoja ya wanaobadilisha pedeli

Wanaosoma namba na kubadilisha pedeli wana hoja yenye nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Pedeli nyingi hushikwa na nati au bolti mbili na soketi moja. Kazi yake ni ya dakika chache. Kwa gari lenye spea za mtumba tele, kama zile zinazopatikana Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, saa mbili za fundi anayejua kupima zinaweza kugharimu karibu sawa na pedeli yenyewe. Isitoshe, sensa za zamani zilikuwa na kidole cha chuma kinachosugua utando wa kaboni, na utando huo huisha kweli, hasa katika eneo ambalo pedeli hukaa muda mrefu zaidi wakati wa mwendo wa kawaida.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ikikosea haifundishi kitu. Pedeli mpya ikifungwa na namba ikarudi, fundi bado yuko pale alipokuwa, na mteja ameshalipa. Mbaya zaidi ni pale kitendo chenyewe cha kuchomoa na kuchomeka soketi kinaposafisha kutu kwenye pini. Gari hupona kwa wiki kadhaa, pedeli mpya hupewa sifa isiyo yake, kisha ugonjwa hurudi.

Pedeli ya mtumba ina mtego wake pia. Soketi inaweza kuingia vizuri ilhali mpango wa volti ni tofauti: hii inatoa pengo la volti 0.8, ile inatoa nusu kwa nusu. Namba ya spea iliyo kwenye kibandiko ndiyo ya kulinganisha. Kulegeza skrubu za sensa ili "kuiseti" upya ni kosa jingine, kwa sababu mkao wake umepangwa kiwandani na kompyuta huuamini.

Hoja ya wanaosafisha na kuchomoa betri

Usafi wa throto bodi ni matengenezo halali. Masizi yakizunguka ukingo wa kilango, hewa ya sailensa hupungua, injini hutetemeka au kuzima kwenye foleni, na dawa ya kunyunyizia na kitambaa hurudisha utulivu. Lakini katika magari mengi sensa ya pedeli iko chini ya dashibodi, mbali na masizi hayo. Hakuna kiasi cha usafi wa throto kinachoweza kurekebisha P2122.

Kwa nini basi watu huapa kwamba imesaidia? Jibu liko kwenye betri. Katika magari mengi hali ya kujilinda haiondoki mpaka kompyuta ione taarifa zimekuwa sawa tena na swichi izimwe. Betri ikichomolewa, kumbukumbu ya hitilafu kwa kawaida hufutika, kompyuta huanza upya bila shaka yoyote, na gari lenye kasoro ya kuja na kuondoka hutembea vizuri hadi kasoro ijitokeze tena. Wakati huohuo kumbukumbu ya thamani imepotea: picha ambayo kompyuta ilihifadhi ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea, pamoja na mwendo, mizunguko ya injini na joto lake. Kufuta ushahidi kabla ya kuusoma ni gharama kubwa kuliko inavyoonekana, na kwa maoni ya mchambuzi huyu ndiyo tabia moja ambayo gereji zingeiacha leo zingepunguza nusu ya ubishi.

Hoja ya wanaopima waya kwa waya

Njia ya tatu huanza bila kufungua kitu. Swichi huwashwa injini ikiwa imezimwa, mashine huwekwa kwenye data za papo kwa papo, na pedeli hukanyagwa taratibu sana kutoka juu hadi chini na kurudishwa. Volti mbili zinatakiwa kupanda bila kuruka, pengo au uwiano wake ukibaki uleule. Mashine ya bei nafuu inayoonyesha asilimia badala ya volti haina ubaya, ila msomaji wake asishtuke kuona asilimia 16 pedeli ikiwa imeachiwa: volti 0.8 kati ya 5 ni asilimia 16, na VPA2 itasoma karibu 32. Wapo waliohukumu sensa nzima kwa sababu haikusoma sifuri.

Hatua inayofuata ni soketi. Ikichomolewa, upande wa waya unatakiwa kuwa na umeme wa kati ya volti 4.5 na 5.5. Ukikosekana, sensa imeshaondolewa lawama, na kazi inahamia kwingine. Katika magari mengi umeme huo wa volti 5 hugawanywa kwa sensa kadhaa, kama ya presha ya gesi ya kiyoyozi au ya mgandamizo wa hewa. Moja ikipiga shoti ndani, huzishusha zote. Fundi huzichomoa moja baada ya nyingine huku macho yakiwa kwenye mita. Volti zikiruka kurudi 5, mhalifu ni yule aliyechomolewa mwisho. Hapa ndipo kontroli boksi nyingi huhukumiwa bila kosa, na anayekimbilia kununua nyingine hujikuta pia ana tatizo la ufunguo ambao kompyuta mpya haiutambui.

Ethi hupimwa soketi ikiwa imechomekwa na swichi imewashwa, kwa kugusisha pini ya mita nyuma ya soketi na upande wa pili kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya takriban volti 0.1, kuna kutu au muungano mbovu njiani.

Mita nayo ina mipaka. Sensa za kisasa hutumia sumaku na kijisakiti cha elektroniki, hazina utando wa kusuguliwa, hivyo kupima omu zake hakuthibitishi kitu. Kipimo cha omu kinafaa kwa waya tu na kwa sensa za zamani. Tena, volti ikianguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mita ya kawaida haioni kwa sababu husasisha namba mara chache tu kwa sekunde. Osiloskopu ndiyo huonyesha tundu hilo kama mstari uliochomoka ghafla kwenda chini, lakini ni ghali na inahitaji mtu aliyefundishwa. Asiye nayo hubaki na mtihani wa kutikisa: injini ikinguruma au data zikionekana, waya hutikiswa na kukunjwa kidogo kidogo kutoka kwenye pedeli hadi unapopenya ukuta wa injini.

Na waya za eneo hilo zina maadui wengi. Maji ya kiyoyozi huvuja miguuni mwa dereva. Kapeti huoshwa na haikaushwi. Alamu na vifaa vya kufuatilia gari hufungwa palepale chini ya usukani. Tangu Kanuni za Michuki za 2004 zilipolazimisha magari ya abiria nchini Kenya kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, ameongezeka adui mwingine: katika magari ya throto ya umeme, vidhibiti vingi huingizwa kati ya pedeli na kompyuta. Kila waya uliokatwa na kuunganishwa kwa kusokotwa na gundi ya plastiki ni mahali pa kwanza pa kuangalia, kabla hata ya sensa. Vivyo hivyo vile visanduku vya "kuamsha" gari vinavyochomekwa kwenye soketi ya pedeli. Vinabadilisha ukubwa wa ombi, haviponyi chochote, na vinaongeza miunganisho ambayo haikuwepo.

Funzo la Camry

Mfano mkubwa kuliko wote ulitokea Marekani. Kati ya 2009 na 2010 Toyota iliyaita mamilioni ya magari kufuatia malalamiko ya kuongeza mwendo yenyewe. Wito mmoja ulihusu mazulia yaliyoweza kuibana pedeli. Mwingine, wa Januari 2010, uligusa magari yapatayo milioni 2.3 ambayo pedeli zake ziliweza kunata na kuchelewa kurudi. Dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha chuma cha kupunguza msuguano. Umma haukuridhika. Wengi waliamini kosa liko kwenye elektroniki, na serikali ikawaomba wahandisi wa NASA wachunguze.

Ripoti yao ya Februari 2011 haikupata kasoro ya elektroniki inayoweza kufungua throto kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, walipofungua pedeli za Camry za aina ya zamani, zile za utando wa kaboni, walikuta nyuzi za bati nyembamba kuliko unywele zimeota zenyewe juu ya viungo vilivyopakwa bati. Katika pedeli moja iliyorudishwa kwa sababu gari lilikuwa likirukaruka, uzi wa namna hiyo uliunganisha VPA na VPA2. Mjadala haukuishia hapo: mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliamua dhidi ya Toyota katika kesi ambayo mashahidi wa kitaalamu waliishambulia programu ya kompyuta ya injini.

Kwa fundi wa gereji, kesi hiyo ina mambo mawili ya kazi. Kwanza, pedeli inaweza kuwa mbovu kimitambo huku sensa ikisoma sawasawa. Mkono na jicho vitangulie mashine, zulia lisogezwe, pedeli iachiwe na ionekane inarudi yenyewe kwa haraka. Pili, kasoro ya kweli ndani ya sensa ipo, na inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana bila kufuatilia volti mbili kwa pamoja.

Wasio na hatia na waliofichwa

Lipo kundi la magari ambalo njia zote tatu hulikosa: yale ambayo pedeli ni nzima kabisa. Swichi ya taa za breki ikikwama, kompyuta za magari mengi huamini dereva anakanyaga breki na mafuta pamoja, na huipa breki kipaumbele. Gari huzidi kuwa zito. Taa za breki zisizozimika ni dalili ya bure ambayo yeyote anaweza kuiona kwa kupita nyuma ya gari.

Chujio la mafuta lililoziba, sensa ya hewa iliyochafuka, masega ya ekzosi yaliyoyeyuka na gia boksi inayoteleza nazo huleta malalamiko yaleyale: "nakanyaga, haiendi." Data za papo kwa papo huvitenganisha haraka. Ikiwa ombi la pedeli limefika juu na kilango cha throto kimelifuata, akseleta imetimiza wajibu wake na haina la kujibu. Ikiwa ombi limepanda lakini kilango hakijafuata, throto bodi ndiyo ya kuchunguzwa. Ikiwa ombi lenyewe halipandi, ndipo zamu ya pedeli na waya wake inafika.

Kuzipima njia hizi kwa pamoja

Kubadilisha pedeli kwanza kunafaa katika hali moja ya wazi: fundi ana pedeli nzima ya kuazima yenye namba ileile ya spea, na anaijaribu bila kumwuzia mteja. Hapo ni kipimo, tena kizuri. Kuiuza kwa msingi wa namba ya hitilafu peke yake ni kumfanya mteja alipie kubahatisha. Kusafisha throto kufanywe kwa ratiba yake, wala kusiitwe tiba ya P2122 au P2138. Kuchomoa betri kuje mwisho, baada ya kila namba na kila picha ya kumbukumbu kuandikwa.

Kupima waya kwa waya kunabaki njia yenye uzito zaidi, pamoja na kwamba kunakula muda na gereji nyingi hazina utaratibu wa kulipwa kwa muda huo. Hicho ndicho kikwazo halisi. Mteja wa kawaida yuko tayari kulipia kitu anachokishika mkononi kuliko saa moja ya fundi aliyeinama chini ya dashibodi, na fundi anajua hivyo. Njia ya kati inawezekana: dakika kumi za kusoma volti mbili, kupima volti 5 na ethi kwenye soketi, na kukagua waya zilizounganishwa. Vifaa ni mashine ndogo na mita ya kawaida tu. Zikipita zote salama na taarifa bado inaruka, pedeli ibadilishwe kwa moyo mweupe.

Baada ya hapo hubaki kazi moja inayorukwa mara kwa mara. Nissan nyingi huhitaji kufundishwa upya mahali pedeli inapopumzika kila soketi yake inapochomolewa: pedeli ikiwa imeachiwa kabisa, swichi huwashwa kwa angalau sekunde 2, huzimwa kwa angalau sekunde 10, kisha hurudiwa mara moja tena. Mteja anayelipia pedeli ya X-Trail ana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika, na ya kuonyeshwa volti mbili zikipanda pamoja kabla hajatoa fedha.